DAWA YA MOTO NI MOTO
Maumivu ya magoti na tiba ya joto la mawimbi ya redio

Ingia msikiti wowote wa Pwani wakati wa sala ya Adhuhuri, kuanzia Vanga hadi Lamu, utaviona viti vya plastiki vimepangwa ukutani au mwisho wa safu. Viti hivyo vina wenyewe. Ni vya wazee, na siku hizi hata vya watu ambao bado hawajaitwa wazee, ambao magoti yao yamekataa sijda. Nyumbani nako kina mama wanasali juu ya vitanda na makochi kwa sababu hiyo hiyo. Ukiwauliza wana nini, wengi watakujibu kwa neno moja tu: "baridi."

Neno hili baridi, au baridi yabisi kwa jina lake kamili, limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Ndani yake yamefichwa maradhi mengi yasiyofanana. Kuna jongo, linalotokana na chumvichumvi za damu kuganda kama sindano ndani ya kiungo, na mara nyingi huanza kwenye kidole gumba cha mguu usiku wa manane. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili wenyewe hugeuka na kuvishambulia viungo, hata vidole vya mikono vikavimba asubuhi na kupinda. Na kuna ule ulio mkubwa kuliko yote kwa idadi ya wagonjwa, nao ni kulika kwa kiungo. Huu wa tatu ndio tunaouzungumzia leo.

Goti ni bawaba. Mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa muundi, na mbele yake kipo kilegesambwa. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, kitu cheupe, laini na chenye kuteleza, na katikati mna ute kama mafuta ya mashine. Miaka ikipita, uzito ukizidi, au goti likiwa liliumia zamani katika mpira au kwa kuanguka, gegedu huchakaa na kupungua. Mfupa nao hujaribu kujitengeneza, ukaota vijiba pembeni. Goti huvimba, hulia, hukakamaa asubuhi, na ngazi za nyumba za Mji wa Kale huwa mlima. Mama aliyekaa miaka 40 juu ya mbuzi akikuna nazi, akachutama chooni na kufua kwa mkono, huanza kusema kwamba goti "linawaka moto."

MOTO WA NYUMBANI

Watu wetu hawakukaa bure wakingoja hospitali. Walijua tangu zamani kwamba joto hulegeza. Ndipo goti likakandwa kwa kitambaa na maji ya moto, likachuliwa kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa, au likafungiwa chumvi ya moto ndani ya kitambaa. Wengine walikwenda kwa mwumikaji wakapigwa chuku. Na yale maumivu sugu yasiyosikia lolote yalipelekwa kwa fundi wa kuchoma, aliyetia chuma motoni na kukigusisha mahali panapouma.

Katika hayo yote, kukanda kwa joto ndiko ambako madaktari wa leo hawakupingi. Chuo cha madaktari wa viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilikubali joto kama msaada wa kupunguza maumivu ya goti lililolika. Joto huvuta damu, hulegeza misuli iliyojikaza, na humpa mgonjwa saa chache za raha. Halirudishi gegedu, lakini halina madhara likitumiwa kwa hadhari.

Na hadhari hiyo si neno la kupamba makala. Mwenye kisukari cha muda mrefu huweza kuwa na ganzi miguuni asijijue. Hukandwa kwa maji yanayochoma, yeye akasema "ongeza," na kesho yake ngozi ikafuma malengelenge yanayogeuka kidonda kisichopona. Kwa hiyo anayemkanda mgonjwa kama huyo na ayapime maji kwa kiwiko chake mwenyewe, wala asimwulize mgonjwa.

KUCHOMA KATIKA VITABU VYA ZAMANI

Kuchoma kwa chuma ni tiba kongwe. Waarabu wana msemo maarufu kwamba dawa ya mwisho ni kuchoma, maana yake mtu asiikimbilie mpaka nyingine zote zimeshindwa. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Cordoba katika Andalusia, aliyeishi karne ya 10 na kufariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu cha utabibu chenye sehemu 30 kiitwacho At-Tasrif. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na mlango wake wa kwanza ni wa kuchoma. Alichora picha za vyuma vyake, akaeleza kipi kitumike wapi, ikiwemo nyonga inayouma. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa mamia ya miaka.

Katika dini, jambo hili lilisemwa mapema zaidi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliitaja shifaa katika mambo matatu, yaani asali, kuumikwa na kuchoma kwa moto, kisha akaukataza umma wake hilo la kuchoma. Na imepokewa vilevile kwamba Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Handaki, jeraha lake lilichomwa ili damu ikome. Wanavyuoni wamezikusanya hadithi hizi wakasema kwamba kuchoma kunachukiza pale ambapo hakuna haja, au pale mtu anapodhani moto ndio unaoponya wenyewe, na kunaruhusiwa haja inapokuwa ya kweli na tabibu ni mjuzi.

Tumeyataja haya kwa sababu tiba mpya ya goti ambayo watu wanaiulizia, ukiivua nguo zake zote za kisasa, ni kuchoma. Tofauti ni kwamba haichomi ngozi wala mfupa. Huchoma uzi mwembamba wa mshipa wa fahamu, ulio ndani ya nyama, usioonekana kwa macho.

UMEME USIOSHTUA

Msomaji atauliza, mawimbi ya redio yanahusianaje na goti? Umeme wa nyumbani kwetu hugeuka mwendo, kwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Huo ukimshika mtu humkaza misuli na huweza kumwua. Lakini katika miaka ya 1890, mtaalamu wa Kifaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba umeme ukigeuzwa kwa kasi kubwa mno, zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde, hupita mwilini bila kuishtua misuli. Kinachobaki ni joto tu. Kasi hizo kubwa ndizo zile zile zinazotumika kurushia matangazo ya redio, ndiyo maana joto lake likaitwa la mawimbi ya redio.

Kutokana na ugunduzi huo zilizaliwa tiba mbili ambazo watu huzichanganya, na kuchanganya huku kunawapotezea fedha.

Ya kwanza ni ya juujuu. Mgonjwa huketi, vibao viwili vikawekwa huku na huku ya goti bila sindano yoyote, na mashine ikatoa mawimbi yanayogeuka zaidi ya mara milioni 27 kwa sekunde. Mgonjwa huhisi uvuguvugu mtamu unaoingia ndani kuliko kitambaa cha maji ya moto. Madaktari wa tiba ya viungo wameitumia kwa miaka mingi. Ni tiba ya starehe zaidi kuliko ya kudumu. Taasisi ya Uingereza inayopima tiba zinazofaa ilitoa mwongozo mwaka 2022 ikisema tiba za umeme za namna hii zisitolewe kwa goti lililolika, kwa kuwa ushahidi wa faida yake hautoshi. Tena ina miiko yake. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo haifai kumkaribia mashine hiyo, mwenye chuma mwilini mahali panapopashwa moto anaweza kuungua kwa ndani, na mja mzito haifai kuitumia. Kwa hiyo anayekuuzia mashine ya kupasha goti moto nyumbani, akakuapia kwamba itaotesha gegedu jipya, anakuuzia maneno.

Ya pili ndiyo yenye sindano, na hii ni jambo jingine kabisa.

SINDANO INAVYOFANYA KAZI

Maumivu ya goti hayabaki gotini. Yanapelekwa ubongoni na mishipa ya fahamu, kama vile habari zilivyopelekwa zamani kwa waya wa simu. Matawi madogo ya mishipa hiyo hulizunguka goti, na matatu kati yake yanapita karibu na mfupa mahali panapojulikana: moja juu upande wa nje, moja juu upande wa ndani, na moja chini upande wa ndani. Matawi haya kazi yake kubwa ni kuhisi. Misuli ya kutembea inaamriwa na mishipa mingine. Kwa hiyo ukiyanyamazisha, maumivu hupungua na mguu haupoozi.

Daktari mwaminifu haanzi kwa kuchoma. Huanza kwa jaribio. Hutia dawa ya ganzi kidogo karibu na matawi hayo matatu, kisha humwambia mgonjwa aende akatembee, apande ngazi, ajaribu kuinama na kuketi, na aandike anavyojisikia katika zile saa chache ganzi inapofanya kazi. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, ni dalili kwamba waya uliokamatwa ndio wenyewe. Yasipopungua, basi chanzo ni kingine, na kuchoma hakutafaa kitu.

Siku ya tiba yenyewe mgonjwa hulala chali, goti likiwa limekunjwa kidogo juu ya mto. Ngozi hutiwa ganzi. Daktari huingiza sindano nyembamba huku akiangalia kwa eksirei au kwa mashine ya mawimbi ya sauti ili afike hasa mahali pa mshipa. Kabla ya kuchoma hupitisha umeme hafifu wa kujaribia, kuhakikisha kwamba mguu hauruki, yaani hajakaribia mshipa wa misuli. Ndipo huwasha umeme wa redio, unaogeuka kiasi cha mara laki 5 kwa sekunde. Sindano haipashwi moto kama chuma cha fundi wa zamani. Ni nyama iliyo pembezoni mwa ncha yake ndiyo inayopata joto, kwa sababu chembe zenye umeme ndani yake hutikiswa na kusuguana. Joto hufikia nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika moja na nusu hivi, na sehemu ndogo ya mshipa huungua. Ziko sindano nyingine zinazopozwa kwa maji yapitayo ndani yake, ili ncha isiunguze nyama ya karibu na joto liweze kuenea mbali zaidi. Hizo zilikubaliwa na idara ya dawa ya Marekani kwa maumivu ya goti mwaka 2017. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

MIZANI YA USHAHIDI

Je, inafaa? Mwaka 2011 madaktari wa Korea Kusini walitangaza jaribio la wagonjwa 38 wenye umri mkubwa ambao magoti yao yalikuwa yameuma kwa muda mrefu. Nusu walichomwa mishipa, na nusu walifanyiwa kila kitu isipokuwa huko kuchoma, bila wao kujua. Baada ya wiki 12, wagonjwa 10 kati ya 17 waliofuatiliwa katika kundi la kwanza walikuwa maumivu yao yamepungua kwa nusu au zaidi. Katika kundi la pili hakuna hata mmoja.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo mengine, kutoka Marekani, ya wagonjwa 151. Wengine walipewa sindano iliyopozwa kwa maji, wengine sindano ya dawa ya steroidi ndani ya goti. Baada ya miezi 6, watu 74 katika kila 100 wa kundi la kwanza walisema maumivu yamepungua kwa nusu au zaidi, na katika kundi la pili 16 tu katika kila 100. Hata hivyo mwenye akili ataangalia pia nani aliyelipia kazi hiyo, nayo iligharimiwa na kampuni iliyotengeneza sindano yenyewe. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo, lakini linatufundisha kutoyapokea kwa mikono miwili kabla ya kuyapima na mengine. Ule mwongozo wa 2019 tulioutaja uliikubali tiba hii kwa masharti, haukuiweka miongoni mwa zile zinazopendekezwa kwa nguvu.

Mipaka yake nayo ni wazi. Mshipa uliochomwa huota tena. Nafuu hukaa miezi 6, mwaka, na kwa wengine zaidi, kisha maumivu yanaweza kurudi na tiba ikahitaji kurudiwa. Wiki ya kwanza au mbili goti huweza kuuma zaidi kuliko kawaida. Wengine hupata michubuko ya damu, kipande cha ngozi kilichokufa ganzi, au, kwa nadra, maambukizi na kuungua kwa ngozi. Mwenye kifaa cha moyo, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au mwenye kidonda karibu na goti lazima amwambie daktari kabla ya lolote.

Kubwa kuliko yote ni hili. Sindano hunyamazisha maumivu, haiponyi goti. Gegedu lililolika limebaki limelika. Mtu ambaye goti lake halikunjiki kwa sababu vijiba vya mfupa vimeziba njia, hata akichomwa mishipa yote, goti halitakunjika. Atakayefaidika katika sijda ni yule ambaye goti lake bado linakunjika na linalomzuia ni maumivu. Hili ni swali la kuulizwa mapema, maana wako wanaotoa akiba yao yote wakitumaini kurudi chini kwenye mswala, kisha wakarudi kwenye kiti. Hata goti la bandia, ambalo ndilo tiba ya mwisho kwa goti lililokwisha kabisa, huwaacha wengi wakiona taabu kupiga magoti ingawa wanatembea vizuri.

KITI SI AIBU

Wapo wazee wanaojitesa kwa kuona haya. Huhisi kwamba kiti msikitini ni kushindwa, wakaacha jamaa kabisa. Imran bin Huswain alipokuwa mgonjwa aliruhusiwa na Mtume (S.A.W.) kusali kwa kukaa asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kukaa. Sheria ilikwisha kumfungulia mlango mgonjwa kabla hajabisha.

Lakini mlango huo una kadiri yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa Pwani, anayeweza kusimama katika sala ya faradhi hasamehewi kusimama kwa sababu tu goti halikubali sijda. Husimama kwa kisomo, hurukuu kwa kadiri ya uwezo wake, kisha hukaa na kuashiria sijda, akiinama zaidi ya alivyoinama katika rukuu. Mwenye hali ya peke yake amwulize sheikh wake. Na aliyefanyiwa tiba ya sindano asiwe na wasiwasi wa udhu, kwani goti haliingii katika viungo vinavyooshwa.

KABLA YA MOTO WA MWISHO

Kwa wengi wetu tiba ya sindano ni ya safari na ya gharama. Lakini yale yaliyo juu yake katika orodha ya madaktari ni ya bei nafuu, na ajabu ni kwamba ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi.

La kwanza ni mazoezi. Goti hubebwa na msuli wa paja, na goti linalouma humfanya mtu akae, msuli ukalegea, goti likazidi kuuma. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, uhesabu hadi tano, ushushe. Rudia mara kumi, kisha mguu wa pili, kila siku. Kutembea juu ya mchanga mgumu wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa kunafaa pia.

La pili ni uzito. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza mzigo wa kilo nne katika goti kila hatua. Biriani na mahamri havikuharamishwa, lakini goti nalo lina haki yake.

La tatu ni bakora. Wazee wetu waliishika kwa heshima, nasi tumeifanya dalili ya uzee. Ishikwe kwa mkono wa upande usiouma, si upande wa goti bovu kama wengi wanavyofanya.

La nne ni dawa ya kupaka ya kutuliza maumivu, kabla ya vidonge, kwa kuwa vidonge hivyo vikinywewa ovyo huumiza tumbo na mafigo. Na jihadharini na dawa za chupa zinazouzwa kama miti shamba tupu, ambazo mtu akizinywa leo, kesho anakimbia. Mwaka 2022 idara ya dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya dawa ya magoti iliyouzwa kwa jina la asili, ambayo ndani yake ilifichwa steroidi kali na dawa nyingine ya maumivu. Steroidi ya siri hupandisha sukari, na anayeizoea kisha akaiacha ghafla huweza kuangukia hatari kubwa.

Haya yote yakishajaribiwa kwa miezi, si kwa siku tatu, na goti likaendelea kumnyima mtu usingizi na ibada yake, hapo ndipo ana haki ya kuiulizia sindano ya moto. Na akifika kwa daktari asinyamaze kwa heshima. Aulize: ugonjwa wangu ni wa kulika au ni mwingine? Nitajaribiwa kwa ganzi kwanza? Goti langu linakunjika kiasi gani, na baada ya tiba nitegemee nini hasa? Nafuu itakaa muda gani, na ikirudiwa nitalipa tena kiasi gani? Daktari mjuzi huyafurahia maswali haya. Akikasirika, mgonjwa ana miguu bado, hata kama inauma, ya kumpeleka kwa mwingine.